Mfuniko wa Mzee Koleo

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya marehemu Mzee Koleo, na birika la kahawa hukaa chini, katikati ya miguu yetu. Mimi nashona viatu hapo hapo, wananiita Gundi. Breki aliendesha malori mpaka macho yakamkatalia. Profesa ni kinyozi, shule ilimshinda lakini hakuna asichokijua. Mama Sindano ni fundi cherehani, anakuja kunywa kahawa na kutusuta. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa tamu, ila kila aliyeinua kikombe alikunja pua. Shimo la choo la marehemu lilikuwa limeanza kusema.

BREKI: Limejaa hilo. Maji yakimwagika hayazoleki.

MAMA SINDANO: Yamemwagika wapi, wewe? Yamegoma kwenda! Jana nimemwogesha mjane wa watu, maji yakapanda tena miguuni.

PROFESA: Ndiyo maana wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

MAMA SINDANO: Huo msala ni mkeka wa kuswalia, Profesa. Si msalani.

PROFESA: Kwani huko msalani watu hawapiti?

Tukacheka. Mzee angekuwepo, yeye ndiye angecheka mwisho, akikohoa.

MIMI: Enzi zake mlisikia harufu?

BREKI: Thubutu! Mafuta ya kukaangia hayaendi kwenye sinki. Kitambaa hakiendi chooni. Siku moja tu nilitaka kuliingiza lori uani, akanitoa mbio toka getini: "Breki, utamkalia mtu kifuani!"

MAMA SINDANO: Na dawa kali za kusafishia hakuzitaka. Alisema mle ndani mna vijidudu vinafanya kazi, ukiviua nani atakusagia uchafu?

PROFESA: Vilikufa siku ya msiba. Vilimzoea. Sasa vinatakiwa vipya: hamira, sukari, na kichwa cha mbuzi.

BREKI: Kichwa cha nini?

PROFESA: Cha mbuzi. Vikishiba, vinachimba vyenyewe mpaka mtoni.

BREKI: Basi vimeshafika. Mimi nasema shimo limepanuka, liko chini ya benchi hili. Tumelikalia. Sikilizeni.

Profesa, aliyeanzisha uzushi wenyewe, akainua miguu.

MAMA SINDANO: Wazima nyie? Lile ni la kunyonywa tu kabla halijafurika, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Mnakumbuka? Kiangazi kikianza, anavaa buti, anapiga mluzi.

Nani asiyekumbuka mluzi ule? Mrefu, unashuka mwishoni kama mtu anayeteremka ngazi. Ulikuwa na maana moja: fungeni madirisha, naufunua mfuniko. Mtaa mzima ulikuwa ukicheka na kukimbia. Baadaye alioga, akaja hapa ananukia sabuni, na mkewe akatuletea kahawa kwa mkono wake, kama fidia.

BREKI: Watu wale wameisha.

Geti likalia. Akatoka binti mkubwa wa marehemu, mikono ya gauni ameikunja, macho mekundu.

— Shikamooni, baba zangu. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Mama ameamkaje?

— Ameamka. Anang'ang'ania kubaki. Nimemwambia twende kwangu, anasema humu ndimo alimoingia akiwa bibi harusi, humu ndimo atakamotokea. Lakini mtu hawezi kuishi hivi. Gari la kunyonya liko njiani, na mfuniko hatuuoni.

— Hamuuoni vipi?

— Baba alipofariki, kaka zangu walimwaga zege ua wote, upendeze. Mama nikimuuliza, leo ni upande wa jikoni, kesho ni mlangoni. Kumbukumbu zinampotea.

PROFESA: Usihofu, binti. Sisi hapa tulimjua baba yako kuliko mtu yeyote.

BREKI: Tulikuwa tunakumbushana na Mama Sindano sasa hivi. Buti, mluzi, vyote!

Uso wa binti ukachangamka.

— Kumbe! Basi akishapiga mluzi, alikuwa anasimama wapi?

Breki akanyosha kidole kuelekea jikoni, kisha mlangoni. Profesa akamtazama Mama Sindano, Mama Sindano akatazama kikombe chake. Mimi nilijaribu kumwona Mzee pale uani, ameinama, na nilichokiona ni mlango wangu mwenyewe, nimeufunga, nacheka ndani. Miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kubaki naye.



Nikachukua nyundo yangu ya viatu. Breki akainuka. Tukaingia uani tukapiga magoti juu ya zege, watu wazima wanne na binti wa watu, mimi nagonga hatua kwa hatua, wao wametega masikio wasikie penye uwazi chini yake. Jikoni, pagumu. Mlangoni, pagumu. Tukasogea kwenye kamba ya nguo, chini ya dirisha la mjane.

— Nani huyo anagonga? akauliza mjane toka kitandani. Mwambieni apumzike kidogo, aje anywe kahawa.

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Mama Sindano alikuwa amelaza sikio chini, machozi yakimtiririkia puani, lakini mkono wake ulikuwa umeinuka kutunyamazisha.

— Gundi, alinong'ona. Gonga tena hapa. Chini pako wazi.