Gunia la Mchele Kwenye Kiti cha Dereva: Maisha ya Kuruvilla Eapen, 1961–2024

Kila asubuhi kabla ya chai, marehemu baba yetu, Kuruvilla Eapen, alipanda mizani ya karakana yake, akasoma uzito wake, kisha akaliendea gari lake jekundu la milango miwili. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na gunia la mchele lenye uzito sawa na wake. Likizidi, alipunguza. Likipungua, aliongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 kijijini Bharananganam, karibu na Pala, mtoto wa tatu wa mzee Eapen, mkulima wa miti ya mpira, na mama Mariamma. Alisoma shule ya parokia, halafu chuo cha ufundi Ettumanoor, alikohitimu mwaka 1981. Aliwahi kufukuzwa darasani kwa kuifungua baiskeli ya mwalimu. Aliirudisha ikiwa haiyumbi tena.

Mwaka 1986 alifungua karakana mjini Kottayam. Madereva wa mashindano ya milimani walimletea magari yaliyofungwa springi fupi na shokapu ngumu. Gari likishushwa hivyo, magurudumu hulala upande na kupoteza uelekeo, na dereva akikaa, hubadilika tena. Ndiyo maana alivuta uzi pande zote mbili za gari na kuyanyoosha magurudumu kwa kuufuata, gari likiwa limebeba uzito wa mtu atakayeliendesha. Rafiki yake Pothen hakuchoka kumtania.

"Kaka, unapima gari au unapika biriani?"

"Nakupima wewe. Punguza tumbo, na mimi nitapunguza mchele."

Tarehe 7 Mei 1988 alifunga ndoa na mama yetu, Aleyamma, wakajaliwa watoto wawili, Eapen na mimi.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Mwezi Machi, akiwa bado na nguvu, yeye na Pothen walifunga springi mpya kwenye lile gari jekundu. Pothen alilijaribu hadi getini tu. Usukani ukamvuta kushoto, nusura aingie mtaroni. Siku iliyofuata marehemu alilazwa hospitali kabla ya kuyapanga magurudumu, na daktari akamkataza kuendesha tena.

Aliporudi, aliendelea kupanda mizani. Kila asubuhi alirudisha mchele jikoni, kikombe baada ya kikombe, na mama akaupima ugonjwa kwa pipa la mchele lililozidi kujaa. Katikati ya Mei mambo yakageuka. Marehemu alikuja jikoni akijishika ukutani, akaomba mchele. Mama akaona analiandaa gari, akaamini kwamba anataka kuliendesha peke yake, barabara ya milimani, asirudi.

"Baba Eapen, unaongeza mchele wa nini na wewe unakwisha?"

"Nipe tu, Aleyamma."

"Ufunguo nimeuficha. Nichukie ukitaka."

"Kaa nao. Mimi nataka uzi."

Hatukulala vizuri wiki ile. Tarehe 28 Mei marehemu alikaa kwenye kigoda, Pothen akiwa chini ya gari na spana, radi ikinguruma upande wa Pala.

"Kulia, robo. Umezidisha, rudi. Bwana, unakaza au unabembeleza?"

Mama alimsihi aingie ndani. Alikataa mpaka uzi ulipogusa kila gurudumu sawasawa, mbele na nyuma. Ndipo mama akautoa ufunguo, akampa Pothen, si baba. Pothen ni mzito kuliko gunia lile, lakini alipofika barabarani na kuachia usukani, gari lilinyooka.

Marehemu alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Ameacha mjane, Aleyamma, mwana, Eapen, wa Muscat, na mkewe Jincy, dada wawili, Pothen, aliyekuwa kama ndugu yake, na binti, Rinu, yaani mimi ninayewasomea haya; Julai nitaanza kazi ya maktaba Kuttikkanam, juu kabisa ya kona za ile barabara ya milimani. Mungu amlaze pasipo na maumivu.

Siku ile ya uzi nilimshika kumrudisha kitandani. Alikuwa mwepesi kuliko gunia. Tangu augue sikuwa nimethubutu kumuuliza lolote.

"Baba, lile gunia ni uzito wa nani?"

"Wako."