Alama Chini ya Kamba

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Vigil acha kuchungulia dirishani, theluji haiendi popote. Nyumba ni yenu wote wawili, mgawane vyumba bila kugombana. Mteremko ulio juu ya nyumba nampa dada yako Notburga, kwa sababu yeye akifunga kamba amefunga, na wewe unaifunga huku umeshaamua utapitia wapi.

Usininunie. Tabia hiyo umeirithi kwangu. Sisi waongozaji wa mlimani hapa Tirol ndio tunaopima theluji asubuhi kama itaporomoka na kufunga kamba kuwazuia watu, kisha tunavaa skii zetu, zile mbao za kutelezea, tunainama na kupita chini yake, maana tunajiona tunajua. Nami nilipita, mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Niliteleza vizuri mno, sijawahi kujisikia huru kama asubuhi ile, na nilipofika chini nikageuka kuzitazama alama zangu kwa majivuno. Nikamwona Quirin, mwoka mikate wetu, amesimama penye kamba, naye anazitazama. Kisha akainama. Nilipiga kelele, lakini upepo ulikuwa unanijia usoni. Theluji ikakatika juu yake, ikaporomoka na kumfukia yeye na alama zangu zote, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nimelifikiria jambo hili miaka arobaini, sasa hata halinilizi tena. Nilidhani uhuru ule ni wangu peke yangu, kwa kuwa shingo ya kuvunjika ni yangu. Kumbe anayetangulia kwenye theluji anamwambia wa nyuma yake apite, ni salama, hata kama hakufungua mdomo. Teleza utakavyo, Vigil, mlima si jela. Ila kwanza angalia ni nani anayekutazama.

Notburga, maji... Basi, yatosha.

Afra, mjane wake, mpaka leo anasema mumewe aliuawa na ubishi. Bonde zima linasema hivyo, nami nimekaa naye benchi moja kanisani, kimya. Nendeni kwake sasa hivi, nyote wawili. Mwambieni Quirin hakuwa mbishi, alimfuata mwongozaji. Mwambieni kabla kengele yangu ya msiba haijalia kanisani, maana akiisikia atakuja kuniombea, na sitaki aniombee bila kujua. Akitaka kuja kunitukana, mleteni. Asipotaka... msimbembeleze.

Mungu awalinde, wanangu. Vaeni makoti... Mlango msiufunge.