Clementina Elinami Nnko, Mkalimani wa Misufi ya Guangzhou

Clementina alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Agosti 1987 katika Hospitali ya Nkoaranga, Arumeru, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa Mzee Elinami Nnko na Mama Felisia wa Poli. Alibatizwa na kupata Kipaimara katika usharika huuhuu unaomsindikiza leo. Alipokuwa na miaka sita ndiye aliyempeleka bibi yake zahanati, kwa kuwa bibi alijua Kimeru tu na mganga alikuwa mtu wa Songea. Alisimama katikati yao, kichwa chake hakijafika mezani, akapokea maneno ya huyu na kumpa yule. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi mwisho, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni kazi.

Alisoma Shule ya Msingi Poli kuanzia mwaka 1994, kisha Sekondari ya Wasichana Machame hadi kidato cha sita. Mwaka 2007 alipata ufadhili wa kusoma China. Alifika Guangzhou tarehe 2 Septemba na sanduku moja lenye masweta mawili mazito aliyofumiwa na mama, masweta ambayo joto la mji ule halikumruhusu kuyavaa. Mwaka wa kwanza alijifunza lugha, na miaka minne iliyofuata alisomea biashara ya kimataifa. Kikantoni, lugha ya wenyeji wa mji ule, hakufundishwa darasani. Alikiokota mwenyewe sokoni Yide Lu, ambako siku za mapumziko aliwatembeza wafanyabiashara kutoka kwetu wakitafuta madaftari na vikaragosi vya watoto. Kufikia mwaka 2012 alipohitimu, laobani wa pale, yaani wenye maduka, walikuwa wakimsalimia yeye kwanza kabla ya mteja aliyemleta.

Mume wake alimpata kazini. Mwezi Machi 2014, Bwana Ghislain Mulongoy wa Lubumbashi alimchukua amkalimanie sokoni Kangle, alikokwenda kununua vitambaa. Bei ilimuudhi, akasema neno zito. Clementina akaligeuza, mwenye duka akatabasamu, bei ikashuka. Walipotoka nje Ghislain akamwuliza:

"Mi nilisema ule mutu ni mwizi. Weye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umesafiri mbali na ungependa kurudi kwake tena."

"Ile njo nilisema mi?"

"Kitambaa si umepata?"

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2015 katika kanisa hili, wakaishi mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, orofa ya tisa, pamoja na mdogo wake Godson, anayesoma wasifu huu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi kulekule. Mwaka uliofuata Mungu aliwapa binti, Emmanuella.

Mwezi Machi 2023 Clementina aliajiriwa na timu mpya ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, iliyoitwa Misufi kwa ajili ya miti yenye maua mekundu inayopamba mitaa ya Guangzhou. Kwa ndugu ambao hawajauona mchezo huo, wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, hugombea mpira wenye umbo la yai, na kila hatua ya uwanja hupatikana kwa kusukumana. Clementina hakuwa ameuona hata yeye. Kocha mkuu, Mzee Warren Tidwell wa Alabama, hakujua neno la Kichina, na wachezaji hamsini na wawili, wengi wao watoto wa mafundi cherehani na madereva, hawakujua Kiingereza. Clementina alijifunza mchezo kwa daftari na penseli, akiuliza kila kitu mara mbili. Vijana wakamwita Dajie, maana yake dada mkubwa.

Yanayofuata kuhusu msimu wa 2024 yanasomwa kwa agizo lake. Mwezi Agosti mwaka huu, Godson alipoketi kitandani pake kuandika haya, alimwambia, "Usinisafishe. Lile jambo la kocha liandike." Basi limeandikwa.

Msimu ulianza tarehe 7 Septemba, na kabla ya mchezo wa kwanza mwenye timu, Bwana Kuang, mtengenezaji wa zipu, alitangaza kwamba kama Misufi haitaingia nusu fainali ataifunga timu ifikapo Desemba. Ilikuwa michezo kumi, na timu nne za juu ndizo zingeendelea. Misufi ikafungwa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Wachezaji wakaanza kuulizana nani ana mjomba mwenye karakana.

Tarehe 12 Oktoba, mchezo wa tano, wakati wa mapumziko walikuwa nyuma kwa pointi kumi. Mzee Tidwell aliingia chumbani uso umemwiva. Aliwaambia kuwa ni waoga, na kwamba mama zao wangecheza vizuri kuliko wao. Clementina akawageukia vijana, akasema kwa utulivu kwamba mlinzi wa kushoto wa wapinzani alikuwa akichechemea tangu robo ya pili, na mpira upitishwe kwake. Wakaupitisha kwake. Walishinda 27 kwa 24.

Jumatatu kocha alimwita ofisini. Siku mbili kabla ya hapo kocha msaidizi mpya, Mmarekani aliyelelewa na bibi Mchina, alikuwa amesimama mlangoni na kusikia yote mawili, akamweleza kocha.

"Kaa," kocha alimwambia. "Jumamosi niliwaambia nini vijana?"

"Kwamba ni waoga, na mama zao wanawazidi."

"Wewe uliwaambia nini?"

Akamweleza.

"Nani alikwambia yule mtu anachechemea?"

"Nilimwona mwenyewe."

Mzee akafungua kalamu na kuifunga. "Umefanya hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Kwa hiyo nimekaa katika nchi hii mwaka mmoja na nusu," alisema Mzee Tidwell, "na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunisikia."

Clementina alikuwa amejiandaa kufukuzwa, hata vitu vyake alikuwa ameshavipanga kwenye mfuko. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa. Alimweleza Godson baadaye kwamba siku zote alijiona anawalinda vijana, na hakuwahi kumfikiria mzee wa watu aliyemfanya bubu. Alimwomba radhi. Kocha akasema radhi ataipokea, ila kwanza vijana waambiwe.

Kesho yake, kabla ya mazoezi, Clementina alisimama kando ya makreti ya maji mbele ya wote akawaeleza. Godson alikuwepo, maana dada yake alimwomba amsindikize. Hakuomba kingine. Kisha Ouyang, mrushaji wa mpira, akauliza, "Ina maana kocha hatupendi?"

Clementina akageuka na kulifikisha swali hilo kama lilivyo.

Mzee Tidwell akavua kofia. "Waambie," akaanza, akakwama. "Waambie nina miaka sitini na miwili, na mke wangu amebaki peke yake na mbwa wawili. Nisingekuja huku kwa ajili ya watu nisiowapenda. Sema hivyohivyo."

Akasema hivyohivyo, mpaka na mbwa.

Ndipo Liang, mtu mzito kuliko wote kwenye mstari wa mbele, akanyoosha mkono. "Na yule anayechechemea, nani alimwona?"

"Mimi," alisema Dajie.

Vijana wakacheka, na kocha akataka kuambiwa wanacheka nini.

Siku hiyo wakapatana jambo. Kabla ya kila mazungumzo na timu, kocha na mkalimani watakaa robo saa peke yao. "Mle ndani bishana nami utakavyo," kocha alimwambia. "Tukitoka unasema nilichosema." Walibishana kweli. Wafua jezi walizoea kusikia sauti ya Alabama na sauti ya Meru zikipandiana nyuma ya mlango. Walipotoka, Clementina hakuongeza wala hakupunguza. Ikawa maneno ya mzee yenyewe yanabadilika wiki hadi wiki, kwa sababu sasa alijua yatafika.

Katika michezo mitano iliyobaki Misufi ilishinda minne. Ule waliofungwa, tarehe 2 Novemba, kocha aliwaambia maneno makali sana, na Clementina akayapeleka yote, machozi yakimlenga. Hakuna aliyeondoka. Liang alisema afadhali kugombezwa na mtu anayekuona. Walimaliza wa nne, wakaingia nusu fainali siku ya mwisho.

Nusu fainali ilichezwa Chengdu tarehe 23 Novemba 2024, na Misufi ilifungwa 24 kwa 23, kwa mkwaju wao uliogonga mlingoti na kurudi. Chumbani vijana walikaa sakafuni na mabega yao ya plastiki. Mzee Tidwell aliingia, na Clementina akasogea pembeni yake kama kawaida. "Leo kaa," akamwambia. Kisha akasema kwa Kichina, taratibu, sauti zikipanda pasipotakiwa na kushuka pasipotakiwa, "Nimewaona mkicheza. Sitawasahau." Ouyang akamsahihisha neno la pili. Kocha akalirudia, akalikosea tena, na watu wakaanza kucheka huku wakifuta macho. Majuma matatu alikuwa akifundishwa na Emmanuella, aliyekuwa na miaka minane, kwenye ngazi za uwanja, baada ya shule. Mama mtu hakuwa na habari. Alikaa kwenye benchi mikono mapajani, hana la kutafsiri.

Juma lililofuata Bwana Kuang, aliyekuwa ameona watu elfu kumi na moja kwenye mchezo wa mwisho wa nyumbani, aliwapa wachezaji wote mikataba mipya.

Januari 2025 Clementina alianza kuumwa tumbo. Alidhani ni chakula cha safari. Tarehe 11 Februari madaktari wa Guangzhou walimfanyia vipimo na kugundua saratani ya kongosho, imeshasambaa. Daktari alizungumza na muuguzi kwa Kikantoni, akiamini mgonjwa hasikii. Ghislain aliona mke wake amekaa wima.

"Anasema nini?" akauliza.

"Anasema miezi sita, pengine minane. Dawa itapunguza maumivu, haitaponya." Akamshika mkono. "Sijapunguza kitu, Baba Ema. Ndivyo alivyosema."

Kisha akamgeukia daktari na kumshukuru kwa Kikantoni, na daktari yule akaja kukaa naye karibu kila siku.

Alipokea matibabu kwa miezi mitano na hakuyaacha mazoezi ya timu hata siku alizoletewa kiti. Alikuwa na jambo la kukamilisha. Alimtafuta Zulekha, binti wa Tanga anayesoma udaktari kulekule, mwenye Kichina safi na ulimi mwepesi, akamfundisha mchezo kwa daftari lilelile. Siku ya kwanza Zulekha alipunguza makali ya neno moja la kocha. Dada akamwita kando.

"Umeona nimekosea?" Zulekha akauliza.

"Umemwonea huruma mtu mmoja ukamsahau mwingine. Ukiona neno si zuri, mwambie mwenye nalo. Usimnyang'anye."

Tarehe 19 Julai alirudi nyumbani Poli na mumewe na mtoto. Wazazi walipata naye wiki kumi na moja, na mama anasema hawakuwahi kuongea kiasi hicho tangu awe sekondari. Jumamosi ya tarehe 6 Septemba, saa nane mchana, msimu mpya ulipofunguliwa, walitazama kwenye simu yeye na mama yake.

"Yule ameanguka, mbona hawamwinui?" Mama Felisia akauliza.

"Atainuka, mama. Ndiyo kazi yake."

"Na yule binti wa kitambaa cha bluu anakimbilia wapi?"

"Huyo ndiye Zulekha. Anamwahi kocha, ana la kumwambia."

Misufi ilishinda mchezo huo, na hadi leo haijafungwa. Clementina alimwomba mama asizime, akamweleza mchezo upya kutoka mwanzo, mama akiuliza na yeye akijibu, mpaka chai ikapoa.

Alifariki Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, chumbani kwake, Ghislain akiwa kulia kwake na mama yake kushoto. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amekunywa uji kidogo na kuomba dirisha lifunguliwe aone kama mlima umetoka kwenye mawingu. Ulikuwa umetoka wote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Guangzhou na wa hapa nyumbani, Watanzania na Wakongo wa Xiaobei, na uongozi wa timu. Mzee Tidwell na Bwana Liang wamesafiri siku mbili, na wako nasi mstari wa tatu.

Clementina ameacha mume, Ghislain Mulongoy, binti, Emmanuella, atakayeingia darasa la nne Januari na anayesema akiwa mkubwa atakuwa mrushaji wa mpira, wazazi wake, Mzee Elinami na Mama Felisia, dada yake Elisante na mumewe, mdogo wake Godson, wapwa watano, wakwe zake wa Lubumbashi, na vijana hamsini na wawili wanaomwita dada mkubwa, ambao Jumamosi ijayo wataingia uwanjani.

Lala salama, dada. Bwana uliyemtumikia akupokee, na amani yake ikae nawe na pamoja nasi tuliobaki. Amina.