Bi. Tassadit na Majiko ya Milimani

Tarehe 31 Machi, Bi. Tassadit Ouchene anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha kusambaza gesi hapa Kabylia, milimani kaskazini mwa Algeria.

Alianza kama fundi wa mabomba, mwanamke pekee kikosini, enzi ambazo gesi ya Algeria ilipita chini ya vilima vyetu kwenda kuuzwa Ulaya, huku akina mama wa milimani wakiburuta mitungi ya gesi kwenye theluji. Akapanda hadi mkuu wa zamu, akiunganisha kijiji baada ya kijiji. Kila kijiji kilichopata jiko kikanunua hita. Chenye hita kikataka maji ya moto ya kuoga. “Tumewadekeza,” alikuwa akicheka, “sasa watatumaliza.”

Nusura watumalize kweli, mwaka wa theluji kubwa. Matumizi yalipanda kuliko tulivyowahi kuona, na msukumo wa gesi ukaanza kushuka. Bosi wetu wa wakati huo, Bw. Hamiche, akaamuru vijiji vya juu vifungiwe ili mji usikose.

“Funga koki, Tassadit! Au nikuhamishie jangwani?”

“Nihamishe, bosi. Huko angalau kuna joto.”

Hakufunga. Akampigia simu Si Belkacem (“Si” kwetu ni “Bwana”), mwenye kiwanda cha matofali kinachokula gesi kama mji mzima.

“Zima tanuri mpaka theluji ipungue.”

“Umechanganyikiwa, dada? Matofali yangu yote yataharibika!”

“Huko juu kuna watoto wachanga. Na mama yako mzazi yuko huko huko. Nimfungie nani?”

“Mama usimwingize kwenye mambo haya!”

“Yumo tayari, kaka.”

Si Belkacem akazima tanuri. Sisi tulikuwa tumekodolea macho mshale wa kipimo. Ulisimama, kisha ukaanza kupanda, na Bw. Hamiche mwenyewe akawa wa kwanza kupiga makofi. Kesho yake mama wa Si Belkacem akapiga simu kulalamika: moto una nguvu mno, umemuunguzia mkate! Bi. Tassadit alicheka hadi akakaa chini.

Tangu hapo kituo na viwanda vina makubaliano: baridi ikizidi, nyumba kwanza. Ni kazi yake hiyo, na vijiji vya juu havijawahi kufungiwa.

Dada yetu, asante kwa ujuzi wako, na zaidi kwa ukaidi wako. Sasa lala mpaka uchoke, na theluji ikianguka, iangalie tu dirishani kama watu wengine. Afya na furaha ziwe nawe siku zote.