Ndevu za Kinyozi

“Kinyozi mzima anazikwa na ndevu kama mtu asiye na ndugu? Mnatuaibisha!” Shangazi alisema hivyo juzi sebuleni, watu wote wakisikia, na mama akainuka akaingia chumbani. Basi kwa heshima zote, shangazi, sikiliza na wewe.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu. Shule aliishia darasa la sita. Mwalimu alimkuta anachonga penseli za darasa zima kwa kisu cha babu, akamfokea, “Nenda kanoe huko kwenu!” Akaenda kweli, hakurudi.

Mwaka 1968 alianza kunyoa watu kwenye kile chumba cha mlango wa bluu karibu na stendi. Wenzake walihamia kwenye mashine, yeye akabaki na wembe wa kukunja na mawe yake matatu: la kukwaruza, la kulainisha, la kumalizia. Aliulaza wembe mpaka mgongo na makali vyote viguse jiwe, akauburuta taratibu bila kukandamiza, halafu akaujaribu kwenye mkono wake wa kushoto. Mkono ule haukuwahi kuota nywele zikamaliza wiki.

Alimuoa mama tarehe 2 Juni 1979. Mama alikuwa akimuuliza, “Hilo jiwe umelioa, au umenioa mimi?” Naye, “Jiwe halinuni.” Walinuniana, wakacheka, wakatuzaa wanne.

Mwaka 2021 sukari ilimpata, vidole vikafa ganzi. Siku moja alimkata shavuni fundi saa, rafiki yake wa miaka mingi, na hakujua mpaka taulo lilipolowa damu. Fundi saa akasema, “Ah, mkwaruzo tu huu.” Baba alifunga duka jioni ile ile. Alifunga mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Ugonjwa ulipomlaza kitandani, alikataa kunyolewa kwa viwembe vya dukani. Mama akaleta mawe, akaanza kunoa yeye. Baba alifumba macho, akasikiliza mlio tu.

“Unakandamiza, mama watoto.”

Kesho yake, “Bado. Jiwe linalia.”

Ndevu zikajaa. Mama alinoa huku machozi yanamtoka. Tukamwambia baba, mzee, si ukubali tu? Akasema, “Mama yenu atafika. Akifika nitamwambia.”

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, alfajiri, nyumbani. Mhudumu wa mochwari aliuliza kama amnyoe. Wembe wa mama ulikuwa tayari unakata unywele hewani, wote tuliuona. Mama akasema, “Hapana. Hakuniambia.”

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja, ambaye tunamwomba leo akae karibu na mama.

Pumzika, baba, umechoka.

Wenye nyembe zao dukani, mlizomwachia anoe, mje jioni mzichukue. Tukishazika mimi naenda kufungua, kitasa kile kinasumbua.