Siku Msumeno wa Zamani Uliposhinda

Benchi la Maftah pale Ndeeba ni ubao mmoja wa mvule uliopasuliwa vibaya, umelazwa juu ya matofali ubavuni mwa yadi ya mbao, na vumbi la mbao huingia hadi ndani ya vikombe. Maftah mwenye birika ni mjukuu wa wajukuu wa watu wa pwani. Anauza kahawa na kuamua kesi za watu bila kuombwa, ndiyo maana wamembandika jina Kadhi. Mwisho wa benchi hukaa Shakib, mnoaji wa minyororo ya pawasoo, ile misumeno mikubwa ya injini ya kuangushia miti. Huyo wanamwita Tupa, kwa tupa yake ya kunolea. Na Katembo, Mkongo wa Butembo, mpasua mbao mwenye mabega kama mlango, wanamwita Tani Moja. Zamani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Jean-Claude, mdogo wake Katembo, na huyo yuko kaburini mwezi wa tatu sasa.

Asubuhi hiyo Katembo alikuja na msumeno wa zamani begani, ule ule uliomuua mdogo wake, akautua miguuni pa Shakib. Jumatatu alikuwa anarudi msituni. Alikuwa na watoto wake na watoto wa marehemu, na tumbo la mtoto halijui matanga.

— Uninolee kama siku ile, alisema. Kama siku ya mashindano.

Shakib akauchomoa mnyororo bila kumtazama usoni. Mikono ya fundi imezoea kuficha.

Siku ile ilikuwa ya mwaka jana. Jean-Claude alitaka wanunue msumeno mpya, Katembo hataki. Wa zamani ni wa baba yao, umevuka nao mpaka wakati wa kukimbia vita, mzito, mkaidi, una nguvu. Wakabishana juma zima hapo benchini, mpaka Kadhi akakata shauri: misumeno ishindane, mdomo wa mtu usiamue. Mwenye yadi akaazima mmoja mpya, mkubwa sawa na ule, ukiwa bado unanukia duka. Gogo la mvule likalazwa, watu wakahesabu kwa sauti. Wa zamani ulipita gogo kwenye thelathini na moja. Mpya ulifika thelathini na nane. Jean-Claude akacheka, akasema basi, mzee kashinda, akawanunulia wote kahawa. Habari ya duka ikaishia hapo. Halafu mwezi wa mvua, huko msituni, ncha ya msumeno wa zamani ikagusa tawi lililojificha nyuma ya gogo. Msumeno ukaruka, ukamrudia Jean-Claude shingoni.

Tangu azikwe, kesi ile husikilizwa upya kila siku. Jean-Claude hatajwi. Hutajwa chuma, mafuta, mlio wa injini. Ukiwasikia ungedhani wana ubishi wa mpira, kumbe ni kilio, wamekosa tu mahali pa kukilia.

Siku hiyo Kadhi ndiye alianza. Alisema chuma cha zamani kiliyeyushwa kwa makaa, kikapoa polepole, na Waswahili walishanena kwamba haraka haraka haina baraka, kwa hiyo ndiyo sababu wa zamani una mbio. Hakuna aliyemuuliza hiyo imekaaje. Katembo akadakia kuwa misumeno ya sasa inatengenezwa kwa sufuria zilizotupwa, na alimwona kwa macho yake mtu wa Port Bell ambaye msumeno wake mpya ulinuka mchuzi ulipopata moto. Kadhi naye asipitwe: akasema mipya ina kidude ndani kinachozungumza na setilaiti, ukikaribia askari wa misitu inajipunguza nguvu yenyewe, inaogopa kesi. Katembo aliitikia kwa kichwa, kwa dhati kabisa. Maskini, angekubali lolote, hata wangemwambia msumeno mpya unasali Ijumaa. Maana kama wa zamani haukuwa bora, basi ni yeye aliyemkatalia mdogo wake, na mdogo wake akafa kwa ubishi wa kaka.

— Na kitu kimoja, Kadhi alimalizia, hao watengenezaji tumewasifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Aliwasema watu wa viwandani, lakini ilimpata Shakib palepale alipokaa. Yeye alijua. Jioni ya kuamkia mashindano alikuwa ameuchukua mnyororo wa zamani, na baada ya kunoa meno akashusha kwa tupa na vile vidole vidogo vya chuma vinavyokaa mbele ya kila jino ili lisiume mti kupita kiasi. Ukivishusha, msumeno unakula mti kwa pupa. Ukivishusha, msumeno pia unaruka ovyo. Hilo kila mnoaji analijua. Hakuambiwa na mtu. Watu walikuwa wakisifu mkono wake, naye akataka mkono wake ushinde. Na baadaye, kila Katembo alipoleta mnyororo, alivishusha tena kidogo, kwa kuwa Katembo alikuwa amezoea zile mbio.

Sasa tupa ilikuwa mkononi, na mnyororo ule ule mapajani.

Pélagie, mjane wa Jean-Claude, alitokea upande wa barabara na kitenge cheusi. Huuza mitumba sokoni Owino, na saa hizo alipaswa kuwa kwenye meza yake. Wakampisha akae, hakukaa. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa adabu, kisha akamgeukia Katembo.

— Shemeji, watoto wananiambia Jumatatu unaenda na hii.

— Nitaenda na nini ingine, mama? Hii ilishinda. Watu wote walihesabu.

Pélagie akautazama mnyororo, akamtazama Shakib.

— Ile siku, minyororo ilikuwa inafanana?

Hilo hawakuwahi kuliuliza, kwa kahawa zote walizokunywa. Shakib angeweza kusema ilifanana, na Jumatatu ingefika kama siku nyingine yoyote. Alimwona Katembo akimtazama kwa matumaini, akaona hawezi.

— Haikufanana, nnyabo. Mpya ulikuwa kama ulivyotoka dukani. Huu niliuchokonoa ili ukate haraka. Ndiyo ikawa unaruka.

— Miye sikukuomba, Katembo alisema polepole.

— Hukuniomba, ssebo. Nilitaka sifa.

Katembo hakumpiga. Wengine walidhani atampiga. Kadhi, kwa huruma yake ya kiherehere, akajaribu kuunga palipokatika: akasema hata hivyo injini ya wa zamani ina nguvu kweli, huenda ungeshinda tu, hata kwa tofauti ya hesabu mbili tatu, na ajali ni amri ya Mungu, haina kinga.

Pélagie alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

— Baba Maftah, Jean-Claude hakuniambia siku hata moja kama ile mpya iko na mbio. Aliniambia iko na breki. Ikiruka, mnyororo unasimama. Ni hiyo tu alikuwa anataka. Sasa nyinyi, ile siku, mlikuwa munapima nini?

Alisimama akingoja, maana aliuliza kwa kutaka kujua. Kadhi akaanza kukusanya vikombe. Shakib aliweka tupa chini. Na Katembo, Tani Moja, akajifunika uso kwa viganja akaanza kulia kwa sauti, mchana kweupe mbele ya wapita njia, akiita jina la mdogo wake.