Arletha Veney Conaway, Aliyeitwa Bi Kibali

9 Februari 1947 – 14 Machi 2024

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na Rosalind Tate, mtoto wa dada yake, katika Kanisa la Corley Baptist, Jumamosi, 23 Machi 2024

Arletha Veney alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1947, nyumbani kwa wazazi wake kando ya Hori ya Corley, mkono mwembamba wa maji ya chumvi, Kaunti ya Wexcomb, Virginia. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Hosea na Mattie Veney. Baba yake alivua chaza kwa koleo ndefu za mti, na mama yake alipasua chaza hao kiwandani. Asubuhi hiyo uchungu ulimkuta mama yake kanisani, lakini mhubiri alikuwa mgeni, na Mattie Veney hakutaka mgeni adhani anasusiwa. Alijikaza kisabuni hadi sala ya mwisho, akatembea kwenda nyumbani, na kabla chakula cha mchana hakijapakuliwa Arletha alikuwa amefika. Familia imeicheka hadithi hiyo miaka sabini na saba. Wiki hii tumeisimulia tena, na hakuna aliyeweza kuicheka.

Alianza masomo katika shule ya vyumba viwili hapa Corley, akaendelea Sekondari ya Amos Whitlow, shule pekee ya watoto weusi katika kaunti nzima siku hizo. Alihitimu Juni 1965 akiwa wa tatu darasani. Waliomshinda walikuwa binamu wawili waliokuwa wakisomea kitabu kimoja, na hadi uzeeni alidai kwamba wale wahesabiwe kuwa mtu mmoja, naye awe wa pili. Mwaka 1967 alimaliza kozi ya uhazili mjini Norfolk na kubaki huko akifanya kazi kwa wakili mmoja.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Wendell Conaway, mvuvi wa kaa wa hapa hapa, ambaye baadaye aliendesha basi la shule. Wendell alikwenda kwanza kumposa kwa baba, kisha kwa mama, kisha kwa kaka. Zamu ya Arletha ilipofika, alimwambia kwamba maombi yake yamezungushwa kwenye ofisi zisizohusika. Walijaliwa watoto wawili, Terrence mwaka 1971 na Denise mwaka 1974.

Denise aliugua homa ya uti wa mgongo siku nne tu, akafariki tarehe 3 Novemba 1983. Alikuwa na miaka tisa. Jirani wa kanisa, Shemasi Purnell Laws, alifunga karakana yake akamtengenezea jeneza kwa mikono yake mwenyewe, na alipoulizwa atalipwaje alivaa kofia akaondoka. Denise alizikwa katika safu ya watoto kwenye makaburi ya kanisa, pale chini karibu na maji, kwenye ardhi waliyoinunua mababu zetu mwaka 1871 kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Kila Jumapili baada ya ibada Arletha alishuka kwenda kumsalimia. Aliongea naye kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na mtoto aliye chumba cha pili.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kaunti, mtu mweusi wa kwanza kukaa upande ule wa kaunta. Mwaka 1991 aliteuliwa kuingia Bodi ya Ardhi Oevu, watu watano wanaoamua nani ajenge gati mbele ya nyumba yake, nani aweke ukuta wa kuzuia mawimbi, na nani arudi nyumbani na michoro yake. Alikaa humo miaka ishirini na sita, na huko ndiko alikopewa jina la Bi Kibali. Kabla ya kila kikao alivaa buti za mpira na kwenda kuipima pwani inayohusika kwa miguu yake, maji yakiwa yamekupwa. Bwana mmoja wa Richmond alileta mchoro wa gati lenye paa, majiko na viti arobaini. Marehemu aliutazama pande zote, kisha akamuuliza taratibu:

"Baba, hapa umeomba gati au umeomba ukumbi wa harusi?"

Aliyeomba ukuta aliulizwa swali moja tu: maji yakigonga huo ukuta, yaende wapi? Kwa maana maji hayatoweki. Ukuta huyasukuma pembeni, nayo huila ardhi ya jirani pale ukuta unapoishia. Kwa sababu hiyo Bi Kibali aliwanyima ukuta watu kumi na wawili, akiwemo kaka yake mwenyewe, ambaye hakumsemesha kutoka Pasaka hadi Krismasi. Aliwaelekeza wapande majani ya maji chumvi na kumwaga mawe chini mbele yake, ili wimbi lichoke kabla ya kufika.

Yanayofuata si kawaida kusomwa msibani. Marehemu aliagiza kwa maandishi yasomwe, na Shemasi Purnell, ambaye kwa agizo lake hilo hilo ameketi leo pamoja na familia, ameridhia.

Aprili 2006 Shemasi Purnell aliomba kibali cha ukuta wa mbao mbele ya uwanja wake, unaoishia pale makaburi yanapoanzia. Kwa utaratibu wetu, kila ombi lazima lipitie kwa jirani. Jirani hupewa karatasi yenye visanduku viwili, kimoja kimeandikwa "Napinga" na kingine "Sina pingamizi". Jirani alikuwa kanisa, na katibu wa kanisa alikuwa Arletha. Basi karatasi ikamfikia mezani kwake, jikoni, na Shemasi aliileta mwenyewe.

"Dada Arletha, mambo haya unayajua wewe," alisema. "Kama una neno, niambie. Sitakasirika."

Arletha alijua. Hakuna mtu katika kaunti ile aliyejua kuliko yeye. Lakini hapa kwetu mtu aliyekuzikia mtoto humwekei alama ya kumpinga kwenye karatasi ya serikali.

"Shemasi, wewe ndiye uliyemlaza mwanangu," alijibu. "Lete kalamu."

Sheria ilimkataza kuamua jambo linalomhusu, kwa hiyo siku ya kikao alitoka akakaa kwenye benchi la koridoni. Alitumaini, na haya aliyasema baadaye, kwamba wale wenzake wanne wangeuliza lile swali lake. Hawakuliuliza. Waliiona saini yake, wakasema kama Bi Kibali hana pingamizi wao ni nani, na wakapitisha kwa dakika kumi na moja. Mkoba wake alikuwa bado hajaufungua.

Ukuta ulisimama mwaka 2007. Kufikia dhoruba ya Novemba 2009, pwani ya makaburi ilikuwa imeliwa hatua nane. Arletha alizihesabu hatua hizo kila Jumapili na kuziandika nyuma ya ratiba ya ibada. Mwaka 2012 aliandika ombi la kanisa la kujengewa ukuta wake, akalipeleka, akatoka tena kukaa kwenye lile benchi. Safari hii waliuliza. Walisema ukuta wa kanisa utaikata ardhi ya mama mjane anayefuata, Bibi Kenner, na wakamnyima kwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyowafundisha. Aliposomewa uamuzi alisema ni sahihi. Kisha alikwenda msalani akalia hadi mlinzi akamgongea mlango kuuliza kama yuko salama.

Walimpa kibali cha mawe na majani. Mei 2013 kina mama wa kanisa walipiga magoti kwenye matope siku tatu wakipanda, naye mbele yao, na miaka sitini na sita yake. Majani hayo yanataka misimu kadhaa kushika, nayo yalianza kushika vizuri. Lakini pale penye ncha ya ukuta mawimbi yaliendelea kuchimba, na Septemba 2015 jaji alitoa amri watoto tisa wa ile safu wahamishiwe mlimani, nyuma ya kanisa. Mashine isingeweza kusimama kwenye ardhi laini kiasi kile, hivyo wanaume walichimba kwa majembe, makaburi mawili kwa siku, kuanzia Jumatatu tarehe 28.

Kaburi la Denise ndilo lililokuwa karibu zaidi na ukuta. Alvin Gaskins, aliyesimamia uchimbaji, alitaka kuanzia hapo.

"Anzeni na wa wenzangu," Arletha alimwambia.

"Mama, wa kwako ndiye aliye ukingoni."

"Najua alipo, Alvin. Aliyesaini ni mimi. Watoto wa watu hawawezi kumngoja wangu."

Hapakuwa na wa kubishana naye. Jumatatu wawili, Jumanne wawili, Jumatano wawili, Alhamisi wawili. Denise alibaki wa Ijumaa asubuhi. Redio ilisema dhoruba itafika Jumamosi, na Arletha, aliyesoma maji tangu utotoni, aliiamini redio. Dhoruba ilifika kabla ya mapambazuko ya Ijumaa. Saa tatu asubuhi, wanaume walipofika na majembe yao, ile safu haikuwapo. Kulikuwa na maji, na ukuta wa Shemasi umesimama wima bila kupoteza hata ubao mmoja. Walitafuta kwa mashua siku kumi na mbili, pande zote za hori na mtoni hadi ghubani. Denise hakupatikana, na hadi leo hajapatikana.

Shemasi Purnell alikwenda nyumbani kwa Arletha Jumatatu iliyofuata. Alisimama barazani, kofia mkononi, akasema ataubomoa ukuta wote kwa shoka. Arletha alimwambia akae. Akamkatia keki, akammiminia chai, kisha akamwambia, "Ukuta wako umefanya kazi ya ukuta. Wewe hukujua. Mimi nilijua." Walikaa hivyo hadi chai ikapoa. Nilikuwapo, nami ndiye niliyeviondoa vile vikombe vikiwa vimejaa.

Watu wengi wamewahi kuuliza kwa nini hakujiuzulu. Alirudi kwenye Bodi mwezi uliofuata, akavaa buti, akaendelea hadi Juni 2017. Lakini tangu siku hiyo hakuikubali tena karatasi yoyote ya jirani kabla hajakwenda mwenyewe kumkalisha huyo jirani na kumweleza, hata kama ni kwa saa nzima, kwamba kusema "napinga" si uadui. Wapo humu ndani leo waliokasirishwa na ziara hizo. Ardhi zao bado zipo.

Mwaka 2016 kanisa lilitaka kumwekea Denise jiwe mlimani, karibu na baba yake Wendell, aliyefariki mwaka 2003. Alikataa. Alisema hataki kuweka jina la mwanawe mahali ambapo mwanawe hayupo. Kuanzia hapo Jumapili zake zote, baada ya ibada, alishuka hadi majini na kusimama. Hakuongea tena kwa sauti.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020, na kuanzia Machi 2021 alikwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliwafahamu wagonjwa wenzake wote kwa pwani za viwanja vyao. Januari mwaka huu aliomba aachishwe matibabu na arudishwe nyumbani. Tulimbembeleza, tukalia, tukamkasirikia, na mimi nilimtamkia maneno ninayojutia. Alitusikiliza wote hadi tukamaliza, kama alivyozoea vikaoni, na hakubadili uamuzi. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, katika chumba kinachotazama hori, dada yake akiwa amemshika mkono.

Alitanguliwa na wazazi wake, kaka zake wawili, mumewe Wendell, na binti yake Denise. Ameacha mwana, Terrence, na mkewe Monique. Wajukuu watatu, Camille, Wesley na Joy. Dada yake Beulah Tate. Kaka yake Hosea Mdogo, ambaye siku hizi anayasifu majani yake kuliko mtu yeyote. Shemasi Purnell Laws, ambaye kwa maandishi ya marehemu ametajwa kama ndugu. Na watoto wa ndugu wengi ambao alitulea kana kwamba hakupoteza wa kwake.

Linabaki jambo moja, ili mtakapopanda nasi mlimani msidhani wachimbaji wamekosea. Hapa Corley wafu wote hulazwa miguu ikielekea mashariki, ili siku ya ufufuo wasimame wakiutazama mwanga. Kaburi la Arletha limechimbwa kinyume. Miguu yake itaelekea magharibi, upande wa hori. Mwezi uliopita Mchungaji Burrell alimweleza kwa upole kwamba hivyo atakuwa amempa Bwana kisogo. Arletha alikuwa amebakiwa na sauti ndogo, na alijibu akiwa amefumba macho:

"Mchungaji, Bwana atanielewa. Mwanangu atatokea majini peke yake, na ana miaka tisa. Nataka nikisimama tu, anione."

Pumzika, Mama Arletha. Tutakulaza ulivyotaka.